Vali ya Shingo Ndefu na Hatari za Vimiminika vya Baridi Kali

Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Sachangwan na Molo, nchini Kenya, wanaopandisha mifugo yao kwa mbegu za fahali zilizogandishwa hutegemea naitrojeni kimiminika, ambayo huchemka kwenye nyuzijoto 196 chini ya sifuri na kuzihifadhi mbegu hizo zikiwa hai kwa miaka mingi. Kituo cha Kabete, kilichoanzishwa mwaka 1946 na ambacho leo huitwa Kenya Animal Genetic Resources Centre (KAGRC), huzalisha mbegu za aina hiyo. Hospitali kubwa nazo huweza kuhifadhi oksijeni ya wagonjwa ikiwa kimiminika chenye nyuzijoto 183 chini ya sifuri. Mtiririko wa vimiminika hivyo huongozwa na vali, na pale unapohitaji kupunguzwa au kuongezwa kidogo kidogo, hutumika vali ya globu.

Ndani ya vali hiyo, iliyotuna mfano wa tufe, kizibo kilichoshikizwa kwenye fimbo hushuka na kukaa juu ya tundu liitwalo kiti, kikiziba njia hatua kwa hatua kadiri usukani unavyozungushwa. Tatizo kubwa limo katika pakingi, yaani nyenzo laini inayoizunguka fimbo ili kuzuia uvujaji, kwa kuwa baridi ikiifikia hukakamaa na kusinyaa, na unyevu wa hewa huganda juu yake hadi fimbo ikwame. Kwa hiyo waundaji huirefusha shingo ya vali, ili gesi inayonaswa humo itenganishe pakingi na kimiminika. Na kwa sababu hiyo fimbo husimamishwa wima au karibu na wima, maana ikilazwa kimiminika hupanda shingoni na kuibatilisha kazi yote hiyo. Mwili wa vali hutengenezwa kwa shaba nyeusi au kwa chuma cha pua chenye kromiamu na nikeli, kwani chuma cha kawaida kikipoa kiasi hicho huvunjika kama kioo.

Kimiminika kilichofungiwa kati ya vali mbili ni hatari zaidi. Kikipata joto hugeuka gesi, na lita moja ya naitrojeni hutoa takriban lita 700 za gesi, kiasi cha kulipasua bomba lisilo na vali ya usalama inayofunguka yenyewe shinikizo linapozidi. Gesi hiyo hiyo ikijaa katika chumba kisichopitisha hewa huisukuma oksijeni nje, na mtu huweza kuzimia bila dalili yoyote ya kumwonya.

Oksijeni kimiminika nayo ina tishio lake. Haiungui yenyewe, lakini huchochea moto kwa nguvu ya kutisha, hivi kwamba vali zake husafishwa mafuta na grisi yote, na lami iliyolowa oksijeni hiyo huweza kulipuka kwa kukanyagwa tu. Sachangwan, ambako tarehe 31 Januari 2009 lori la petroli lililopinduka liliwaka moto na kuua zaidi ya watu 100 waliokusanyika kuchota mafuta, inastahili kuzijua hatari hizi za moto kuliko mahali pengi. Wingu jeupe kando ya lori linalobeba vimiminika hivi si moshi, bali ni unyevu wa hewa ulioganda, na gesi yenyewe huenea hata pale wingu lisipoonekana. Anayeliona asiiguse vali yoyote, asiwashe moto, aondoke kuelekea upande upepo unakotoka na apige simu 999 au 112. Na aliyeunguzwa na baridi hiyo aoshwe kwa maji ya uvuguvugu bila kusuguliwa, kisha apelekwe hospitali mara moja.