Wissmann: Jina Moja, Rekodi Tano

Ukizunguka Kampemba nzima huenda usimpate Wissmann hata mmoja. Lakini jina hili la Kijerumani lina rekodi za kutisha kwenye maziwa yetu, na kilicholiangamiza kilipita hapahapa Lubumbashi kwa gari-moshi. Tuhesabu!

1. Mtembezi kuliko wote
Hermann von Wissmann (1853–1905) alivuka Afrika mara 2, Atlantiki hadi Bahari ya Hindi. Safari ya kwanza, 1880–1882, alipitia Nyangwe, Maniema. Kila safari ilizidi kilomita 3,000: sawa na kwenda Likasi na kurudi mara 12. Mwaka 1889 akarudi pwani na jeshi. Desemba, Abushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani, akanyongwa Pangani.

2. Aliyeshtukizwa kuliko wote
Ziwa Nyasa lilikuwa na meli iliyobeba jina lake. Agosti 1914 Waingereza waliishambulia ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wake hakuwa na habari kwamba kuna vita! Alipiga makasia hadi kwa mwenzake Mwingereza, rafiki yake wa kunywa naye, akidhani rafiki huyo amelewa.

3. Njia ngumu kuliko zote
Kuiwinda meli nyingine, Hedwig von Wissmann ya Ziwa Tanganyika, Waingereza walileta boti 2, Mimi na Toutou, kila moja mita 12, urefu wa basi kubwa. Zilitoka Cape Town kwa reli, zikapita Lubumbashi Julai 1915. Baada ya Fungurume zilivutwa juu ya milima ya Mitumba kwa matrekta ya mvuke, ng'ombe na mamia ya watu, zaidi ya kilomita 200. Wiki 6!

4. Kaburi refu kuliko yote
Hedwig lilikuwa jina la mke wa Hermann. Tarehe 9 Februari 1916, Mimi na Fifi, boti iliyotekwa kutoka kwa Wajerumani, ziliizamisha meli hiyo katika Tanganyika, ziwa lenye kina kuliko yote Afrika: mita 1,470. Bomba la moshi la Gécamines lina mita 153. Simamisha 9 moja juu ya jingine, bado hujatoa kichwa nje ya maji.

5. Aliyenyang'anywa jina
Vita hivyo vilizaa riwaya ya C. S. Forester, The African Queen, ya mwaka 1935; sehemu ya filamu yake ya 1951 ilipigwa Kongo. Meli ya Wajerumani riwayani? Königin Luise. Wissmann alizamishwa ziwani, kisha akafutwa hata kitabuni.