Maji katika Tangi la Kompresa Wakati wa Masika

Mombasa, miezi ya Aprili na Mei ni miezi ya mvua nyingi, na wakati huo mafundi wa gereji huona jambo linalowashangaza wengi wao: kompresa ya kujazia mipira upepo hutoa maji, ingawa imewekwa ndani ya banda lisilovuja. Maji hayo yametoka wapi?

Yametoka katika hewa yenyewe, maana hewa ya pwani ina mvuke mwingi usioonekana kwa macho. Kompresa huivuta hewa hiyo na kuibana, nayo hupata moto sana. Kisha ikipoa ndani ya tangi haiwezi tena kuuchukua mvuke wote, na mvuke hugeuka maji. Wala si matone machache. Kompresa inayovuta mita 1 ya ujazo kila dakika, siku ya joto la digrii 30 na unyevu mwingi, yaweza kukusanya zaidi ya lita 1 kwa saa.

Maji hayo hukaa chini ya tangi, nayo hula chuma kwa kutu kutoka ndani. Nje tangi limepakwa rangi likapendeza, kumbe chuma chake kimekuwa chembamba. Likipasuka likiwa limejaa upepo, laweza kumwua mtu aliye karibu. Kwa hiyo bilula iliyo chini ya tangi ifunguliwe kila jioni, polepole, baada ya mashine kuzimwa. Wakati wa masika ifunguliwe hata mara mbili au tatu kwa siku. Tangi lililotoboka kwa kutu lisichomelewe kiraka, kwa kuwa chuma kilicho kando ya tundu nacho kimekwisha kuliwa. Wako wenye gereji wasiopenda kusikia neno hili, kwani tangi jipya ni ghali. Lakini tangi hilo halifai kazi tena.

Oili nayo itazamwe kila asubuhi. Ikiwa nyeupe kama maziwa, imeingiwa na maji na yapasa kubadilishwa. Mara nyingi sababu ni kuwasha mashine dakika chache tu na kuizima kabla haijapata moto, maana joto ndilo linaloufukuza mvuke katika oili. Ndiyo sababu kompresa yenye kazi haba hudhurika hivi upesi kuliko ile ifanyayo kazi kutwa.

Mwisho, mashine isiwekwe karibu na mahali pa kuoshea magari, ikavuta manyunyu pamoja na hewa.