Chupa ya Mapovu na Mtoto Njiti

Sogeeni, watoto wazuri. Leo chupa ya hospitali inataka kusema nasi. Isikilizeni.

"Gulu, gulu, gulu! Mimi nakaa wodi ya watoto wachanga wagonjwa. Kazi yangu ni kutoa mapovu. Yakitoka, nesi hutabasamu. Yakikoma, nesi huja mbio."

Kwa nini aje mbio, mjomba?

Hongera kwa kuuliza! Mtoto hukaa tumboni wiki 40 hivi. Akizaliwa kabla ya wiki 37, huitwa njiti. Mapafu yake huenda hayajakomaa. Mle ndani mna vifuko vidogo sana vya hewa. Umewahi kupuliza puto jipya? Mwanzo ni mgumu, mashavu huuma. Hewa ikishaingia, kupuliza ni rahisi. Sasa, vifuko vya njiti hunywea kila anapotoa pumzi. Kila pumzi kwake ni mwanzo. Atachoka, maskini!

"Ndipo ninapomsaidia," chupa inasema. "Hewa yenye oksijeni humfikia puani kwa mrija. Mrija wa kutolea hewa umezamishwa kwenye maji yangu, sentimita 5 au zaidi kidogo. Hewa haitoki mpaka isukume maji. Msukumo huo hurudi mapafuni, na vifuko havinywei tena. Mapovu yakikoma, msukumo umepungua, ndiyo maana nesi huja mbio. Gulu, gulu, gulu!"

Na akisikia baridi, mjomba?

Swali la mwenye huruma hilo! Njiti hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, hupoa upesi. Mwaka 1978, mjini Bogotá, Colombia, mashine za kuwapa watoto joto hazikutosha. Daktari Edgar Rey Sanabria akawapa akina mama kazi: wabebeni kifuani, ngozi kwa ngozi. Njia hiyo leo huitwa kangaruu.

Ni njia ya hospitali zisizo na mashine tu?

Hapana! Utafiti uliotangazwa mwaka 2021 ulifanywa katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Watoto waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walipona wengi zaidi kuliko waliosubiri hali itulie kwanza. Chupa ifanye kazi yake, na mama asitengwe na mwanawe.

Basi mkisikia jirani amejifungua njiti, msikubali mtu aseme hataishi. Semeni: apelekwe hospitali upesi, akiwa kifuani kwa mama yake.