Kiu ya Mzee Haipigi Hodi

Kwihara, kando ya mji wa Tabora, ipo nyumba ya tembe inayotunzwa kuwa kumbukumbu ya David Livingstone, aliyekaa hapo mwaka 1872, zama za misafara ya Bagamoyo na Ujiji. Kuta nene za udongo huchelewa kupata joto mchana. Nyumba nyingi za leo zimeezekwa kwa mabati, na pasipo dari joto la jua humshukia aliye ndani. Tofauti hiyo huonekana zaidi Septemba na Oktoba, kabla ya mvua kuanza.

Wazee ni miongoni mwa wanaodhurika mapema. Umri unapopanda, jasho hupungua na hisia ya kiu hudhoofika. Mzee anayesema hana kiu hasemi uongo, ingawa mwili wake huenda umekwisha kupungukiwa maji. Wengine hujinyima maji kwa kuwa choo kiko mbali, au kwa kuona haya kumwamsha mjukuu usiku. Dawa za kuongeza mkojo nazo huzidisha hatari, lakini zisiachwe bila ushauri wa daktari.

Kwa hiyo, iwe katika makazi ya wazee kama yale ya Ipuli, Tabora, au nyumbani kwa jamaa, maji yatolewe kwa saa, si kwa kusubiri kiu. Mgonjwa wa moyo au figo apewe kiasi alichoelekezwa na daktari. Chombo cha haja ndogo kikiwekwa karibu na kitanda, hofu ya kunywa hupungua. Mchana mzee akae kivulini, chini ya mwembe ikiwezekana. Shirika la Afya Duniani hushauri joto la chumba lisizidi nyuzi 32 mchana na 24 usiku. Likifika nyuzi 40, feni pekee haitoshi.

Hatari kubwa ni dalili kudhaniwa kuwa uzee. Mzee aliyekuwa na akili timamu jana, kisha leo akapotewa na maneno, kupepesuka au kusinzia ovyo, ni mgonjwa. Mwili ukiwa na joto la nyuzi 40 au zaidi na fahamu zikivurugika, hiyo ni dharura. Apelekwe kivulini, alegezwe nguo, amwagiwe maji na kupepewa, huku usafiri wa kwenda hospitalini ukitafutwa. Asiye na fahamu asinyweshwe kitu. Kipimo cha malaria kifanywe, lakini kisicheleweshe kumpoza.

Mzee anapofika zahanati, hata kwa kikohozi tu, mhudumu amwulize mambo matatu: nani humpa maji mchana, analala chini ya paa gani, na choo kiko umbali gani. Majibu hayo huonyesha hatari mapema, wakati bado kuna nafasi ya kuizuia.