Povu la Sabuni na Pumzi ya Mtoto Mchanga

Akina mama wa Manono wafuapo nguo kando ya mto Lukushi, povu jeupe huelea juu ya maji. Maji matupu, hata yakipigwa kwa nguvu, povu lake hufa mara. Sabuni yafanya nini?

Kila chembe ya sabuni ina kichwa kipendacho maji na mkia uyakimbiao. Kwa hiyo chembe hupanda hadi uso wa maji na kujipanga pale, vichwa majini, mikia hewani. Hapo uso uliokazwa kama ngozi hulegea, na mdudu aliyekuwa akitembea juu yake huzama. Lakini chembe hazitulii. Uso ukipanuka, nyingine hupanda kujaza nafasi. Ukibanwa, nyingine hurudi chini.

Jambo hilo limo vifuani mwetu pia. Vifuko vya mapafu vina unyevu ndani, nao ungevifunga kila tutoapo pumzi, kama yasingetanda juu yake mafuta maalumu. Haya, tofauti na sabuni, yakibanwa hayaondoki upesi. Ndiyo faida yake kubwa.

Mtoto azaliwaye kabla ya wakati huwa hana ya kutosha. Avery na Mead waliutambua upungufu huo huko Marekani mwaka 1959. Hata hivyo Patrick, mwana wa Rais Kennedy, alikufa mwaka 1963 akiwa na siku 2. Mwaka 1980 Fujiwara wa Japani alitangaza kwamba watoto 10 wametiwa mapafuni dawa iliyotokana na mapafu ya ng'ombe, na hali yao ikapata nafuu. Dawa za namna hiyo ni ghali, tena hutunzwa baridini. Lakini iko sindano nyepesi zaidi: mama ashikwaye na uchungu mapema, akiwahi hospitali, aweza kudungwa dawa ikomazayo mapafu ya mtoto angali tumboni.