Kabla ya Kuchagua Dari la Ghala

Kagongwa, kata ya Manispaa ya Kahama iliyo kwenye barabara ya Isaka, inaishi kwa mchele. Mpunga unaletwa kutoka mashambani, unakobolewa, unafungwa kwenye magunia na kusubiri malori. Maghala mengi ya aina hii yanafanana: nguzo zilizochimbiwa ardhini, kenchi za mbao, bati juu, na hakuna kitu kati ya bati na magunia. Mwenye ghala akipata fedha ya kuweka dari huanzia dukani, akiuliza bei ya jipsamu na ya plastiki. Naamini huko si pa kuanzia. Dari la ghala huamuliwa na mzigo ulio chini yake na hewa inayopita juu yake.

Tutazame joto kwanza. Bati linalopigwa na jua la Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza, linaweza kupita nyuzijoto 60. Joto hilo halishuki kwa hewa, maana hewa ya moto hupanda. Linashuka kwa mnururisho, kama lile linalomfikia mtu aliyekaa pembeni ya moto. Kwa hiyo foili nyembamba ya alumini inaweza kusaidia kuliko bodi nene: ikiwa safi, hurudisha zaidi ya asilimia 90 ya mnururisho, mradi upande wake unaong'aa uwe na nafasi ya hewa. Ila penye mashine ya kukoboa, vumbi hutua juu ya kila kitu, na foili iliyofunikwa na vumbi haiakisi tena. Fundi aelekeze uso unaong'aa chini. Uso huo hutoa joto kidogo sana kwenda kwenye magunia, hata mgongo wake ukijaa vumbi.

Usiku tatizo ni jingine. Anga likiwa wazi, bati hupoa haraka kuliko hewa iliyo chini yake. Unyevu wa hewani, pamoja na ule unaotolewa na nafaka yenyewe kwa kuwa nafaka hupumua, hugeuka matone kwenye bati na kudondokea magunia. Mpunga unaohifadhiwa unatakiwa uwe na unyevu usiozidi asilimia 14, na ukikaa miezi mingi ni bora usizidi 13. Punje iliyokwisha kukauka ikinyonya maji tena hupata nyufa, na mashineni hutoka chenga. Mkulima aliyeanika mpunga wake kwa uangalifu anapoteza bei kwa sababu ya paa la mtu mwingine. Nafaka yenye unyevu huota pia ukungu, na Tanzania imekwisha kuonja madhara yake: mwaka 2016 sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Tukishayajua hayo, vifaa vinajipanga vyenyewe. Jipsamu ina sifa nzuri penye hatari ya moto, kwani karibu moja ya tano ya uzito wake ni maji yaliyofungwa ndani ya madini yenyewe, na moto hulazimika kuyatoa kwanza. Lakini bodi yake ikilowa hulegea na kubonyea. Inafaa ofisini, haifai juu ya ukumbi wa magunia. Dari la plastiki haliogopi maji wala mchwa, ila hulainika kwenye joto kali na likiungua hutoa moshi wenye sumu. Likibanwa karibu na bati lisilo na upenyo wa hewa, litapinda. Plaiwudi ni imara na hukatika kwa urahisi, lakini inahitaji dawa ya mchwa na kukaguliwa mara kwa mara. Kwa ukumbi mkubwa ningechagua bati jepesi la rangi nyeupe lililopigiliwa chini ya kenchi, foili juu yake yenye nafasi ya hewa kati yao, na matundu ya hewa yenye wavu kwenye kofia ya paa na kwenye pembe zake. Wavu ni wa lazima. Dari lililofungwa vibaya huwa makazi ya popo na panya, na kinyesi chao hurudi kwenye chakula.

Kagongwa ina pia kinga ya joto inayotupwa. Maganda ya mpunga, ambayo ni karibu asilimia 20 ya uzito wa mpunga, yana silika nyingi na hewa nyingi kati yake, hivyo hupitisha joto kidogo. Juu ya dari la ofisi yanaweza kufanya kazi nzuri, kwa masharti mawili: yapepetwe mpaka isibaki punje ya kuwaita panya, na yawekwe mbali na nyaya za umeme, kwa sababu yakishika moto hufukuta kimyakimya kwa muda mrefu.

Chumba cha mlinzi kisisahauliwe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kutoka eneo la skimu ya mpunga magharibi mwa Kenya ulionyesha kwamba dari la mikeka ya mafunjo lilipunguza kwa zaidi ya robo tatu mbu wa malaria waliokutwa ndani ya nyumba. Anayelala ghalani katika mji wa mpunga anastahili dari kabla ya ofisi ya bosi.

Na kabla ya dari lolote, paa lenyewe lifungwe. Machi 2015 mvua ya mawe na upepo mkali viliua watu zaidi ya 40 Mwakata, wilayani Kahama. Kenchi iliyopigiliwa misumari miwili tu juu ya nguzo haistahili kubebeshwa uzito zaidi; ifungwe kwanza kwa vyuma na boliti, na fundi athibitishe kwamba inaweza kubeba dari.

Fedha ikiwa kidogo, mpangilio wangu ni huu: kufunga paa, matundu ya hewa, foili chini ya bati, dari la chumba cha kulala, kisha dari la ukumbi. Atakayeishia hatua ya tatu atakuwa amelinda mpunga kuliko aliyeanza na jipsamu yenye nakshi. Ghala ni mahali ambapo kazi ya msimu mzima wa familia nyingi inangoja bei, na kuilinda ni wajibu wa anayepokea mzigo.