Hisabati kwa Kiingereza: Mtoto Anakwama Wapi?



Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, swali ni lile lile katika vikao vya parokia: mbona Hisabati tena? Katika mtihani wa mwaka 2023, karibu robo tu ya watahiniwa wa Tanzania walifaulu somo hilo. Wengine husema watoto ni wavivu, wengine kwamba walimu hawatoshi. Uhaba wa walimu ni kweli. Lakini katika kuzitembelea shule tunazosaidia tumeona jambo jingine linalosahaulika, nalo ni lugha.

Katika shule moja ya kata tulimkuta binti wa kidato cha pili ameandikiwa sifuri katika zoezi la maneno. Mwalimu alipomsomea swali hilo hilo kwa Kiswahili, alitoa jibu kabla mwalimu hajafika mwisho. Hesabu alikuwa anaijua. Alichokosa ni swali lenyewe.

Ugumu unatoka wapi

Katika shule nyingi za msingi za serikali mtoto hujifunza Hisabati kwa Kiswahili: sehemu, asilimia, pembetatu, kipenyo. Akiingia kidato cha kwanza, yote hayo hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Mwaka 1981 mtafiti Jim Cummins wa Kanada alionyesha kuwa watoto wahamiaji huweza kuzungumza Kiingereza cha kawaida kwa takriban miaka 2, lakini Kiingereza cha masomo huwachukua miaka 5 hadi 7. Na watoto hao waliishi katikati ya wasemaji wa lugha hiyo. Wengi wa watoto wetu hukisikia darasani tu, na mtihani wa kidato cha nne huja baada ya miaka 4.

Maneno magumu si marefu tu. Neno «table» mtoto analijua kama meza, kumbe katika swali ni jedwali. «Product» si bidhaa ya dukani, bali ni jibu la kuzidisha. Hata saa humchanganya: basi linaloondoka «8.00 a.m.» linaondoka saa 2 asubuhi, si saa 8.

Mpangilio wa maneno nao ni mtego. Sentensi «five less than a number is twelve» huanza na tano, basi mtoto huandika 5 − n = 12. Iliyo sahihi ni n − 5 = 12, na namba hiyo ni 17.

Mbinu zinazosaidia

Ya kwanza ni chati ya maneno ukutani. Kila mada mpya, mwalimu na wanafunzi huandika neno la Kiingereza, la Kiswahili, alama yake na mchoro. Chati hubaki ukutani hadi mada iishe.

Ya pili ni kusoma swali mara tatu. Mara ya kwanza wanafunzi hueleza habari tu, bila kugusa namba. Mara ya pili hutafuta kinachoulizwa. Mara ya tatu ndipo huorodhesha namba na uhusiano wake. Haraka ya kunyakua namba na kuzijumlisha hupungua.

Ya tatu ni kujadiliana kwa Kiswahili katika vikundi, kisha kutoa jibu kwa Kiingereza. Mwalimu huandika ubaoni mwanzo wa sentensi ili hata mwenye aibu apate pa kuanzia. Kuwaadhibu watoto kwa kusema Kiswahili huwafanya wanyamaze, na mtoto aliyenyamaza hatuwezi kujua amekosea wapi.

Ya nne ni kusahihisha kwa macho mawili: mwalimu atenganishe kosa la hesabu na kosa la lugha, kwa kuwa kila moja lina dawa yake. Wala hesabu zisirahisishwe. Kinachohitaji ngazi ni lugha.

Tunaloliomba

Sisi wenyewe tulikosea. Tulinunua vitabu, tukapiga picha za makabidhiano, tukadhani kazi imekwisha. Tuliporudi tulivikuta safi mno, kwa maana havikuwa vikisomeka.

Kwa hiyo tunaziomba kamati za parokia zitafute chumba chenye taa kwa masomo ya jioni, na mtu mzima anayeweza kusoma maswali pamoja na watoto. Wazazi wasiojua Kiingereza nao wanaweza kusaidia: mwombe mtoto akueleze swali kwa Kiswahili. Akishindwa kulieleza, hajalielewa bado.

Kwa wafadhili wetu, tunawashukuru kwa vitabu. Safari hii tunaomba manila, maka peni na nauli za walimu wakutane kubadilishana mbinu. Ni vitu vidogo, visivyopendeza sana pichani, lakini ndivyo vitakavyovifungua vitabu mlivyokwisha kutupatia.